Etel Adnan: mwalimu wa falsafa aliyechora mlima mmoja miaka na miaka, dunia ikamjua akiwa na miaka 87

Fundi Mabango (Mafiati, Mbeya)

Wakuu, salaam. Kila ukigusa michoro dhahania humu jukwaani, ile ya rangi na maumbo tu, uzi unaishia kwenye "hata mwanangu wa chekechea anaweza". Leo nawaletea bibi mmoja aliyezaliwa Beirut na kufia Paris, ambaye mimi kama fundi wa mabango nimemsoma kuliko mchoraji mwingine yeyote. Anaitwa Etel Adnan. Mchoraji, mshairi, mwandishi wa riwaya, mwandishi wa habari na mwalimu wa falsafa, vyote mtu mmoja. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Hoja yangu naitanguliza ili msiseme nimewazungusha. Watu wanamwandika kana kwamba alikuwa na kazi mbili, kuandika na kuchora. Mimi naona ilikuwa moja. Lugha zilipomgomea alishika rangi, na rangi iliposhindwa kutaja jina la mtu aliyeuawa akarudi kwenye karatasi.

Alizaliwa tarehe 24 Februari 1925. Baba yake Mwislamu wa Damascus, ofisa wa jeshi la dola ya Uthmaniya. Mama yake Mgiriki, Mkristo wa Smyrna, mji ambao leo ni Izmir ya Uturuki. Dola ikaanguka, Smyrna ikateketea kwa moto mwaka 1922, ofisa akabaki hana jeshi na mkewe hana mji. Wakahamia Beirut. Nyumbani waliongea Kigiriki na Kituruki. Shuleni kwa masista ilikuwa Kifaransa tu, na mtoto akinaswa anaongea Kiarabu anaadhibiwa. Humu wapo waliovalishwa kibao shingoni sekondari kwa kuongea Kiswahili, hao hawahitaji maelezo.

Baba akaona anakuza mtoto wa Kiarabu asiyejua Kiarabu. Akamkalisha na kitabu cha sarufi anakili. Mtoto hajui anachokiandika, anafuata tu mkunjo wa herufi, ukurasa baada ya ukurasa. Hili liwekeni kiporo, nitalirudia.

Mwaka 1949 akaenda Paris kusoma falsafa chuo kikuu cha Sorbonne. 1955 akavuka Marekani, akasoma vyuo vikuu vya Berkeley kisha Harvard. Kuanzia 1958 hadi 1972 alifundisha falsafa ya sanaa kwenye chuo kidogo cha San Rafael, kaskazini mwa San Francisco. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Naendelea chini, nisubirini nimalizie bango la mtu.

Kiazi cha Umalila

Nimeweka kigoda. Ila mkuu nikuambie mapema, nimezitafuta hizo picha zake. Mraba mwekundu, mstari wa njano, kitu kama kichuguu. Halafu eti jumba la makumbusho New York. Tunapigwa.

Mnyalu wa Kihesa

Kamwene wote. Fundi, shusha. Kiazi, hebu kwanza nikuulize: mke wako ana kikapu cha milulu?

Kiazi cha Umalila

Anacho, tena kutoka kwenu Iringa. Kimefanyaje?

Mnyalu wa Kihesa

Ile mistari ya rangi inayozunguka tumboni mwa kikapu ni picha ya nini? Ya mbuzi? Ya Mkwawa? Mama zetu wanasuka umbo tupu na rangi tupu, unalipa hela na hujawahi kudai uonyeshwe mbuzi yuko wapi. Kikipigiliwa ukutani Ulaya ndiyo unaanza kupigwa?

Fundi Mabango

Mnyalu umenifupishia kazi. Naendelea.

Wakati anafundisha, Algeria ilikuwa kwenye vita vya kudai uhuru dhidi ya Ufaransa, 1954 hadi 1962. Yeye mashairi yake yote alikuwa akiyaandika kwa Kifaransa. Akaona haiwezekani: kila akishika kalamu ni kama amejiunga na upande unaowaua Waalgeria. Kiarabu chenyewe hakijui kiasi cha kuandikia shairi. Mtu ambaye kazi yake ni maneno, amebaki bila lugha.

Pale chuoni kulikuwa na mkuu wa idara ya sanaa, mama mmoja anaitwa Ann O'Hanlon. Akamuuliza: unafundishaje falsafa ya uchoraji na wewe mwenyewe huchori? Etel akajibu kwamba mama yake alimwambia mikono yake ni mizito. O'Hanlon akamuuliza: na wewe ukamwamini? Akapewa vipande vya turubai na rangi, akaanza. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1950, anaikaribia miaka 35. Baadaye aliandika kwamba aliona hana haja tena ya kuandika Kifaransa, atachora kwa Kiarabu. Mimi hiyo kauli naichukulia kama ilivyo. Rangi haina sarufi ya mkoloni wala kibao cha shingoni.

Sasa namna alivyofanya kazi, maana hapa ndipo ninapopapenda. Hakutumia stendi. Turubai alilaza mezani, kama mtu anayeandika barua. Rangi ya mafuta aliikamua kutoka kwenye tyubu na kuitandaza kwa kisu kipana. Wale mnaopiga skimu ukutani mnaijua hiyo mikono: unaweka, unavuta mara moja, unaacha. Ukirudia rudia unaharibu. Mara nyingi alianza na mraba mwekundu, kisha rangi nyingine zikatafuta nafasi zake kuuzunguka. Na picha aliimaliza kwa mkao mmoja. Nyingi ni ndogo, unaweza kuibeba kwapani ukapanda nayo bajaji.

Kiazi, sasa twende kwenye mwanao wa chekechea. Mimi nimeandika mabango miaka mingi. Ukiweka herufi nyekundu juu ya kijani kibichi, rangi zikiwa na uzito mmoja, bango linacheza machoni na dereva wa daladala hasomi kitu. Njano iliyopauka ukiiweka karibu na zambarau inaruka mbele. Buluu inarudi nyuma. Sasa huyu bibi anachukua mbingu, anaipaka njano nzito, rangi inayopenda kukaa mbele, halafu anaifanya ikae nyuma ya mlima wa waridi bila kuuvamia. Jaribu. Chukua makopo matatu tu pale Mwanjelwa ujaribu. Mtoto ataweka hizo rangi, sawa, lakini mbingu yake itamwangukia.

Bajaji ya Kabwe

Fundi huo mlima ni mlima gani?

Fundi Mabango

Unaitwa Tamalpais, uko ng'ambo ya daraja la Golden Gate, kaskazini mwa San Francisco. Alikuwa akiuona kila siku, na baadaye alipohamia Sausalito ulikuwa unaonekana dirishani. Ameuchora kwa rangi za mafuta, rangi za maji, wino, kila hali ya hewa. Mwaka 1986 akautolea kitabu kizima kinachochanganya mlima, uchoraji na namna jicho linavyofikiri. Hata alipozeeka Paris, mlima uko nusu ya dunia, aliendelea kuuchora kwa kumbukumbu.

Urefu wake, msicheke, ni kama mita 784.

Kiazi cha Umalila

784!! Mkuu huo ni mlima au tuta la viazi? Mbeya mjini yenyewe imekaa kwenye mita kama 1,700. Mimi hapa naota moto nikiwa juu ya huo mlima zaidi ya mara mbili. Rungwe ni 2,960 na hakuna aliyeualika New York.

Bajaji ya Kabwe

Hahaha Kiazi kwa mara ya kwanza umeongea la maana.

Mwalimu wa Tukuyu

Vijana, ndaga. Nimesoma kimya kimya. Kiazi amecheka lakini amegusa kitu. Rungwe tunao, Loleza iko juu ya vichwa vya watu wa mjini, Mlima Mbeya huo hapo. Nani ameukalia mlima mmoja akautazama hata kwa mwaka? Mimi nafundisha kidato cha pili. Nikiwaambia wanafunzi wachore Rungwe, wote wanaleta pembetatu ya kijani, jua pembeni na nyumba ya bati, wakati dirisha la darasa linatazamana na mlima wenyewe na mlima huo saa mbili asubuhi hauna kijani hata chembe. Huwa wa kijivu, mara wa buluu iliyoiva, na ukungu wa Tukuyu ukishuka unakatika vipande viwili, kilele kinaelea peke yake. Watoto wanachora walichokariri. Huyo mama alichora alichokiona, kisha akakipunguza mpaka kikabaki kile ambacho hakipunguziki. Kwa hiyo nani hasa yuko mbali na ukweli?

Ila Fundi, umesema habari za uandishi ukaziacha njiani. Mimi nimemjua kwa riwaya, siyo kwa picha.

Fundi Mabango

Shikamoo Mwalimu. Nilikuwa naelekea huko.

Kwanza Kiingereza. Wakati wa vita vya Vietnam, washairi wa Marekani walikuwa wakiandika kupinga vita. Na yeye akaandika shairi kwa Kiingereza, likachapishwa, akajikuta amekuwa mshairi wa Marekani bila kuomba kibali. Kwa hiyo lugha ya kwanza kuiandikia upya baada ya kukiacha Kifaransa ilikuwa lugha ya nchi inayopiga watu mabomu, ila yeye aliiandika akiwa upande wa waliokuwa wakiipinga.

1972 akaacha chuo akarudi Beirut, akawa mhariri wa kurasa za utamaduni kwenye gazeti la Al-Safa na baadaye L'Orient-Le Jour, yote ya Kifaransa. Mwaka huohuo alikutana na Simone Fattal, msanii, ambaye waliishi pamoja mpaka mwisho. Fattal ndiye baadaye, 1982, aliyeanzisha huko California kampuni ya uchapishaji, The Post-Apollo Press, iliyotoa vitabu vingi vya Etel kwa Kiingereza. Aprili 1975 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza Lebanoni.

Riwaya Mwalimu aieleze yeye, ameisoma vizuri kuliko mimi.

Mwalimu wa Tukuyu

Marahaba. Inaitwa Sitt Marie Rose, ilitoka Paris mwaka 1978. Msingi wake ni mtu wa kweli, Marie Rose Boulos, Mkristo, aliyekuwa akifundisha watoto viziwi na kuwasaidia Wapalestina. Mwaka 1976 wanamgambo wa Kikristo, yaani watu wa upande wake mwenyewe, walimteka wakamuua. Kosa lake lilikuwa kuvuka mstari.

Sehemu ya pili ya kitabu inatembea kwa sauti. Kila sura anaongea mtu mwingine: yeye Marie Rose, watekaji mmoja mmoja, padri, na watoto viziwi wanaongea kwa pamoja kama kundi. Wale watoto wanalazimishwa kutazama. Hawasikii, lakini miguu yao inahisi mtetemo wa sakafu. Mimi mwalimu wa miaka yote hii, ile sura niliisoma nikaifunga, nikatoka nje kwanza.

Swali langu kwa Fundi: alisusa Kifaransa kwa ajili ya Algeria. Mbona riwaya hii aliiandika kwa Kifaransa?

Fundi Mabango

Swali zuri, na wengi wanalikwepa. Mimi naona hivi. Algeria ilishapata uhuru 1962. Halafu alikuwa ameshakaa Beirut miaka kadhaa anaandika kila wiki kwa Kifaransa kwenye magazeti, kwa wasomaji Walebanoni. Kifaransa kilikuwa kimeshageuka lugha ya wale wanaoambiwa. Wanamgambo anaowaandika kwenye riwaya walisoma shule za mapadri, kama yeye Etel alivyosoma kwa masista. Ukitaka kumsema ndugu yako, unamsema kwa lugha mliyokaripiwa nayo pamoja. Hii ni tafsiri yangu, anayetaka kubisha anibishie.

Na kuna kitabu kingine ambacho ndicho kinanifanya niseme kazi ilikuwa moja. L'Apocalypse arabe, shairi refu lenye sehemu 59, kilitoka 1980, naye mwenyewe akakiweka kwa Kiingereza 1989. Ni kuhusu miaka ileile, kambi ya Wapalestina ya Tel al-Zaatar ilipozingirwa na kuangushwa mwaka 1976. Jua liko kila mahali, la njano, la kijani, jekundu, linabadilika kama limekunywa sumu. Na katikati ya mistari, maneno yanakatika ghafla na pale yanapokatika amechora kwa mkono: mshale, duara, mkwaruzo, nukta. Hayo si mapambo ya kitabu. Neno limeishiwa pumzi, mkono umeendelea.

Sasa rudini kwenye kiporo changu cha mtoto anayenakili Kiarabu asichokielewa. Mwaka 1964 hivi, akiwa San Francisco, aligundua vitabu vya kukunja vya Kijapani, vile vinavyofunguka vikawa ukanda mrefu kama mkeka mwembamba. Akaanza kunakili humo mashairi ya Waarabu wa zama zake, akiwemo Badr Shakir al-Sayyab wa Iraki, kwa mkono wake, mwandiko wa mtu aliyejifunza umbo la herufi kabla ya maana, na kando ya maneno anatia rangi za maji na wino. Alikiri kwamba hakuelewa kila alichonakili, na aliona hiyo inatosha. Ile adhabu ya mezani ya baba yake ndiyo iliyotoa moja ya kazi zake kubwa kabisa.

Binti Matema

Jamani uzi mtamu. Mimi natoka upande wa ziwa, kwetu kina mama wa Kikisi wanafinyanga vyungu bila gurudumu, vinavushwa kwa mitumbwi vinauzwa gulioni Lyulilo. Hawa watu wa "sanaa kubwa" huwa wanavidharau vitu vya mikono, wanaviita ufundi tu. Huyu bibi naye alikuwa hivyo?

Fundi Mabango

Hapana dada. Alikulia kwenye nyumba yenye mazulia ya Kiajemi na aliyapenda maisha yote. Miaka ya 1960 akaenda Misri, kijiji cha Harrania karibu na Giza, kwenye karakana ya Ramses Wissa Wassef ambako watoto wa wakulima walikuwa wanafuma mazulia ya ukutani moja kwa moja kutoka kichwani, bila mchoro wa kufuatisha. Akatoka hapo na yeye akaanza kubuni ya kufumwa. Miaka mingi baadaye yakafumwa na kutundikwa kwenye majumba ya makumbusho pamoja na picha zake, yakiwa na hadhi sawa.

Bajaji ya Kabwe

Sasa tuje kwenye hela. Alikula nini miaka yote hiyo?

Fundi Mabango

Mshahara, kaka. Miaka kumi na nne ya kufundisha chuo, kisha gazeti. Alichora na kufanya maonyesho tangu miaka ya 1960 lakini ulimwengu mkubwa wa sanaa haukuwa na habari naye, alijulikana zaidi kama mshairi. Mwaka 2012, kwenye maonyesho ya Documenta kule Kassel, Ujerumani, yale yanayofanyika kila baada ya miaka mitano, picha zake nyingi ndogo zilitundikwa pamoja. Ana miaka 87. Ghafla kila mtu anauliza huyu ni nani. 2014 akafanyiwa maonyesho Doha, 2016 London. 2020 akapata tuzo ya ushairi ya Griffin ya Kanada kwa kitabu kilichotafsiriwa kutoka Kifaransa na Sarah Riggs. Oktoba 2021 jumba la Guggenheim New York likafungua maonyesho yake, jengo moja wakati mmoja na picha za Kandinsky, mmoja wa waanzilishi wa michoro dhahania. Tarehe 14 Novemba mwaka huohuo akafariki Paris, maonyesho yakiwa bado yanaendelea.

Watu wanapenda kuigeuza hii kuwa hadithi ya "subira yavuta heri". Mimi siipendi hivyo. Miaka 50 bila mtu kukuangalia si heri, ni uzembe wa waliopaswa kuangalia. Mwanamke, Mwarabu, anaandika, anachora picha ndogo, hakai mji mmoja: hawakujua wamweke kabati gani. Ninachokichukua kwake ni kwamba hakusubiri. Alifundisha mchana, akachora. Mimi mwenyewe, kuna mwenye hoteli mmoja mjini hapa alinipa ukuta, nikampigia rangi tupu, milima ya Uporoto jioni, nikaridhika kabisa. Akaja akasimama, akasema fundi vizuri sana, sasa niwekee twiga. Nikaweka twiga, kodi ya chumba haina falsafa. Lakini vipande vya plaiwudi ninavyofanya usiku, humo twiga haingii.

Mnyalu wa Kihesa

Twiga wa milima ya Uporoto 😂😂

Mwalimu wa Tukuyu

Fundi, hivyo vya usiku unafanyia rangi gani? Nataka kuwajaribisha wanafunzi na mlima wao, na tyubu za rangi ya mafuta za wachoraji ni bei ya mbuzi.

Fundi Mabango

Mwalimu, natumia rangi ya mafuta ya kopo, ile ya madirisha na mageti. Ikitoka kopo jipya inatiririka, haikubali kisu. Mimina kidogo kwenye sahani ya bati, iache wazi mahali pasipo na vumbi mpaka izito, toa ile ngozi ya juu ndipo utumie. Plaiwudi ipige kwanza koti la emalshen isinywe mafuta. Laza mezani. Wape rangi tatu tu na nyeupe, brashi wanyang'anye. Na wakae upande wa dirisha, madaftari ya kuchora yabaki kwenye mabegi.

Kiazi cha Umalila

Mimi bado sijasema nimekubali. Ila hicho kisu cha skimu, ni kile cha inchi ngapi?

Fundi Mabango

Cha inchi mbili, Kiazi. Cha nne kitakusumbua kwenye kona. Na uchague kinachopinda kidogo ukikibonyeza.